Bonde la mto Lot kwa baiskeli: mto ni tambarare, barabara ina mambo yake

Swali: Mimi na mume wangu tunaishi Saint-Denis, jirani na Paris. Tuna siku saba mwezi Juni, kuanzia Jumapili. Tunataka kupita bonde la mto Lot kwa baiskeli, tuanzie Aiguillon mto unakomalizikia, tumalizie Figeac. Tumeambiwa ni safari rahisi kwa sababu njia inafuata mto. Baiskeli ya mume wangu ina gia 24. Yangu ni ya mjini, ina gia saba zilizofichwa ndani ya habu, yaani kitovu cha gurudumu la nyuma. Tutabeba hema. Hatuli nguruwe na hatunywi pombe. Je, tutaweza?

Jibu:

Dada, mtaweza, ila si kwa mpango huo kama ulivyo. Anzieni mbele zaidi ya Aiguillon, badilisha gia ya nyuma ya baiskeli yako, na msihesabu siku kwa kilomita peke yake.

Aliyewaambia ni rahisi amesema nusu ya ukweli. Mto wenyewe kweli ni tambarare. Pale Aiguillon unapoingia mto Garonne uko mita 20 na kitu juu ya usawa wa bahari, na Cahors uko mita 100 na ushei. Kati ya miji hiyo miwili njia rasmi ya baiskeli, yenye namba V86, ina kama kilomita 160. Mteremko huo haufikii hata mita moja kwa kilomita. Tatizo ni kwamba Lot hauendi moja kwa moja. Unajipinda kama nyoka aliyekanyagwa mkia. Fumel na Cahors, kwa mstari wa ndege, hazifiki kilomita 40, lakini anayefuata mapindo ya mto atakanyaga karibu mara mbili ya hapo.

Kila pindo lina pande mbili zisizofanana. Upande wa ndani wa kona maji hupungua kasi na kuacha udongo, kwa hiyo hapo pana ardhi pana, tambarare, yenye mizabibu na mashamba. Upande wa nje maji hugonga na kula mwamba, kwa hiyo hapo pana jabali lililosimama wima. Barabara iliyo upande wa ndani itakuzungusha bila jasho. Iliyo upande wa nje haina pa kupita, hivyo hupanda juu ya jabali kisha hushuka tena. Na kila njia ya mkato inayokata shingo ya pindo hupita juu ya mgongo wa kilima. Hii ndiyo sababu simu ikiachiwa ichague njia fupi huwapandisha watu mpaka kwenye uwanda wa juu wa chokaa, ule wenyeji wanaouita causse, mita 200 juu ya mto, kwenye jua, na hakuna maji. Kabla ya kuamua mshike ukingo upi, tazameni ramani: mto ukipinda, kaeni ndani ya kona. Madaraja ni mengi, vukeni bila kusita. Kati ya Aiguillon na Cahors V86 imeshafanya hesabu hiyo kwa ajili yenu, fuateni vibao vyake tu. Baada ya Cahors msitegemee vibao. Muwe na ramani ya karatasi ya 1:100,000 au mstari wa njia uliopakuliwa kwenye simu kabla ya safari, kwa sababu kwenye mabonde membamba mtandao hukatika.

Sasa mahali pa kuanzia. Mkianzia Aiguillon mkamalizia Figeac, ni zaidi ya kilomita 250, na siku mbili kati ya saba zitaliwa na treni. Hamtapata hata nusu siku ya kupumzika, na siku ya mwisho mtakuwa mnafukuzana na saa. Kipande cha chini, kutoka Aiguillon mpaka Villeneuve-sur-Lot, ni kizuri kwa anayependa mashamba ya matunda: huko ndiko zinakotoka zile plamu zinazokaushwa na kuitwa pruneaux d'Agen, na kijiji cha Le Temple-sur-Lot kina kitalu cha mayungiyungi cha Latour-Marliac, kilichoanzishwa 1875, ambacho mchoraji Monet alinunua kwacho mimea ya bwawa lake. Lakini kama lazima kitu kiachwe, kiacheni hicho. Bonde lenyewe linaanza kuwa bonde baada ya Penne-d'Agenais, na Penne ina stesheni.

Kwa hiyo: Jumapili pandeni TGV, treni ya mwendo kasi, kutoka stesheni ya Montparnasse, Paris, hadi Agen, kisha treni ndogo ya TER kwenda Penne-d'Agenais, mwendo wa kama nusu saa. Jumapili treni hizo ni chache, basi tazameni ratiba ya TER kwanza ndipo mnunue tiketi ya TGV, si kinyume chake. Laleni Penne au ng'ambo ya mto, Saint-Sylvestre-sur-Lot. Mji wa zamani wa Penne uko kileleni. Pandeni bila mizigo au kwa miguu.

Jumatatu, Penne hadi Puy-l'Évêque kupitia Fumel, kilomita 40 hadi 45. Ngome ya Bonaguil iko kilomita 8 hivi kutoka Fumel, ni nzuri kweli, lakini kwenda na kurudi ni vilima. Amueni mkiwa Fumel kulingana na miguu inavyosema.

Jumanne ndiyo siku ndefu: Puy-l'Évêque, Prayssac, Castelfranc, Luzech, Cahors, kilomita 55 hadi 60 kwa mapindo yote. Hii ndiyo nchi ya zabibu za malbec. Hapa epukeni kabisa barabara kuu ya D811, inayopita malori na watu wenye haraka zao. V86 na barabara ndogo kama D8 zinawatosha. Luzech simameni mtazame vizuri: mto unauzunguka mji na kurudi karibu kugusana na nafsi yake, shingo ya ardhi iliyobaki ni kama mita 100 tu. Ukisimama pale utaelewa somo lote la mapindo bila ramani.

Jumatano pumzikeni Cahors. Nimeiweka siku hiyo kwa makusudi: soko la mbele ya kanisa kuu huwa Jumatano na Jumamosi asubuhi. Mchana nendeni daraja la Valentré, la karne ya 14, lenye minara mitatu. Mtazame juu kwenye pembe ya mnara wa kati: kuna kishetani cha jiwe kinachohangaika kung'oa jiwe la mnara. Hadithi inasema shetani alikuwa akilibomoa jiwe hilo kila usiku. Sanamu yenyewe iliwekwa wakati wa ukarabati wa 1879. Lakini kabla ya daraja, pitieni kwa fundi baiskeli. Cahors ndipo mahali pa mwisho pa uhakika pa kupata spea hadi Figeac. Kaza nati za karia, pima unene wa pedi za breki, na uguse spoki za nyuma mbilimbili kwa vidole: iliyolegea kuliko wenzake leo ndiyo itakayokatika Ijumaa.

Alhamisi, Cahors hadi Tour-de-Faure, chini ya Saint-Cirq-Lapopie, kama kilomita 33. Ondokeni mapema, kabla ya saa mbili asubuhi, kwa sababu D653 hadi Vers na D662 baada yake ndizo barabara za kila mtu: watalii, magari ya kambi, mitumbwi iliyofungwa juu ya magari. Saint-Cirq iko kama mita 100 juu ya mto, upande wa nje wa pindo, bila shaka. Kosa la kawaida ni kupanda huko na mizigo yote mchana wa jua kutafuta pa kulala. Kambi ziko chini, kando ya mto. Pigeni hema kwanza, pumzikeni, mpande saa kumi na moja jioni bila mifuko, wakati mabasi ya watalii yameshaondoka. Upande wa Bouziès kuna njia ya zamani iliyochongwa ndani ya jabali katika karne ya 19, waliyoitumia kuvuta mashua dhidi ya mkondo. Ni nyembamba, ina waenda kwa miguu wengi, na upande mmoja ni mto. Shukeni muitembelee kwa miguu. Mawe yakianguka hufungwa, na kibao kikisema imefungwa, msipite.

Ijumaa rudini kilomita chache hadi Conduché, mto Célé unapoingia Lot, mshike D41 kwenda Cabrerets. Hapo juu kuna pango la Pech Merle lenye michoro ya farasi wenye madoadoa, wa miaka kama 29,000. Wageni kwa siku hawazidi 700, kwa hiyo kata tiketi kabla, na uchague ziara ya asubuhi. Ndani ni nyuzi 12 hivi. Mtu aliyetoka kupanda mlima akiwa amelowa jasho ataganda, bebeni sweta. Kisha D41 hadi Marcilhac-sur-Célé. Jumla ya siku ni kama kilomita 30. Bonde la Célé ndilo zuri kuliko yote katika safari hii, huo ni msimamo wangu: jembamba, kimya, magari machache, na miteremko midogomidogo isiyo na ubaya.

Jumamosi, Marcilhac hadi Figeac, kama kilomita 32. Mkiondoka saa moja na nusu asubuhi mtalikuta soko la Jumamosi bado limechangamka. Figeac ndiko alikozaliwa Champollion mwaka 1790, yule aliyefumbua maandishi ya Misri ya kale, na uwanja mmoja umetandikwa nakala kubwa ya jiwe la Rosetta mtakayoitembea juu yake. Mchana treni.

Jumla haifiki kilomita 220. Usione ni kidogo. Baiskeli yenye kilo 15 hadi 20 za mizigo, kwa watu wanaosimama kutazama, hukwenda kilomita 12 hadi 14 kwa saa ukijumlisha vituo vyote.

Turudi kwenye baiskeli yako, maana hapo ndipo safari itakapoharibikia kama haitashughulikiwa. Gia saba za ndani, aina ya Shimano Nexus ambayo baiskeli nyingi za mjini zinayo, kwa kawaida huja na meno 38 mbele na 18 nyuma. Katika gia ya kwanza, mzunguko mmoja wa pedali unakusogeza kama mita 2.9. Mume wako, akiwa na meno 28 mbele na 32 nyuma, anasogea mita 1.9. Chukua mwinamo wa asilimia 6, uzito wote kilo 100, miguu ikizunguka mara 60 kwa dakika. Yeye atapanda kwa kilomita 7 kwa saa, akitoa nguvu ya kama wati 125, kazi ya kawaida. Wewe gia yako itakulazimisha kwenda kilomita 10 na nusu kwa wati 190 hivi. Si kwamba wewe ni dhaifu. Umepewa ngazi yenye vipandio vilivyo mbali.

Dawa ya bei nafuu ni kumwomba fundi akubadilishie ile gia ya nyuma yenye meno 18, akuwekee ya meno 20. Ni kipande cha euro chache kilichoshikwa na pete ya chuma ya kubana. Mnyororo mara nyingi hautahitaji kuongezwa: gurudumu litasogea mbele kama milimita 6, na sehemu ya kulifungia ina nafasi hiyo. Ila breki ikiwa ya ringi, pedi zake zirekebishwe tena. Mzunguko mmoja utashuka hadi mita 2.6. Meno 22 yangekuwa laini zaidi, lakini hapo unapitisha ndani ya habu nguvu kubwa zaidi, na habu ikivunjika Marcilhac hakuna wa kukusaidia. Dawa ya pili haina gharama: hema, jiko na vyakula vyote vipande baiskeli ya mume. Wewe beba nguo na mifuko ya kulalia. Ndoa nyingi zingesalimika barabarani kwa kugawana mizigo kulingana na gia badala ya nusu kwa nusu. Na pale mlima ukishinda, shuka usukume. Kilomita mbili za kusukuma ni nusu saa, hazimwui mtu.

Pancha ya gurudumu la nyuma kwenye habu ya gia huwatisha watu bila sababu. Kwanza, usilitoe gurudumu. Laza baiskeli, toa upande mmoja wa tairi nje ya ringi, vuta tyubu, jaza upepo kidogo usikilize inapopumua, paka gundi, subiri dakika tano ikauke, bandika kiraka, rudisha. Pitisha kidole polepole ndani ya tairi kutafuta mwiba au kigae, la sivyo utapata pancha ileile baada ya mita 500. Tyubu ikichanika kabisa kwenye valvu ndipo utoe gurudumu. Weka gia namba 1. Upande wa kulia wa habu, waya wa gia unaishia kwenye pete yenye tundu dogo; ingiza funguo ya alen ya milimita 2 kwenye tundu hilo, zungusha pete mpaka waya ulegee, kisha uchomoe kinati cha waya kwenye nafasi yake. Kama una breki ya ndani ya habu, fungua na mkono wake ulioshikwa kwenye fremu. Legeza nati mbili za ekseli kwa spana ya 15. Kabla hujazitoa piga picha kwa simu: zile washa zenye ulimi zinazozuia ekseli kuzunguka zina upande wake kila moja, na ukizibadilisha kulia na kushoto gia zitagoma. Ukisharudisha kila kitu, weka gia namba 4, tazama mistari miwili ya rangi kwenye habu. Ikipishana, zungusha kirekebisha waya mpaka ilingane. Fanya zoezi hili mara moja nyumbani kwenu, sakafuni, mchana.

Vya kubeba: tyubu mbili za kila saizi, viraka na gundi mpya (gundi iliyofunguliwa mwaka jana imekauka, usibishane nayo), vijiko vitatu vya kutolea tairi, pampu, funguo za alen 2, 4, 5 na 6, spana ya 15, kiungo cha haraka cha kila mnyororo, spoki mbili za urefu wa gurudumu la nyuma la mume, kamba za plastiki za kubana, kitambaa. Tairi za milimita 35 hadi 40 zinatosha kwa lami na changarawe. Jazeni kama bar 3.5 mbele na 4.5 nyuma, lakini msizidi namba iliyoandikwa ubavuni mwa tairi. Wanaojaza kidogo sana wakiwa na mizigo hubana tyubu kwenye ringi kila wakigonga ukingo wa lami, na pancha hiyo huwa na matundu mawili sambamba kama kaumwa na nyoka.

Suala la chakula linataka mpango kuliko milima. Vijijini Ufaransa hufunga mchana. Maduka mengi hufunga saa sita na nusu na kufungua tena saa nane na nusu au tisa. Mikahawa hupika chakula cha mchana kuanzia saa sita hadi saa nane kasoro. Ukifika saa nane na dakika tano utapewa kahawa na pole. Jumapili maduka hufungua asubuhi tu, na Jumatatu maduka ya mikate na mikahawa mingi hufungwa kutwa. Mnafika Penne Jumapili jioni na kesho yake ni Jumatatu, kwa hiyo chakula cha jioni cha Jumapili, kifungua kinywa na chakula cha mchana cha Jumatatu vitoke Saint-Denis ndani ya mifuko. Kutoka Jumanne, nunueni mkate na vya kutia ndani kabla ya saa sita, kila siku, hata kama hamna njaa.

Kuhusu nguruwe: kusini-magharibi hii nchi ni ya bata, lakini nguruwe hujificha. Vipande vidogo vya lardons hutiwa kwenye saladi, quiche na pizza bila kutajwa kwa herufi kubwa. Dengu za kopo, zile zilizopikwa tayari, karibu zote zina nyama hiyo. Chukueni za kopo lililoandikwa dengu, maji na chumvi tu, au dengu kavu ndogo zinazoiva kwa dakika 20 na kitu. Supu ya mboga huweza kuchemshwa na mfupa wa paja. Viazi hukaangwa kwa mafuta ya bata. Si nguruwe, lakini kama mnashika halali mtataka kujua. Uliza kwa sentensi moja, « C'est sans porc et sans alcool ? », maana mchuzi wa divai ni wa kawaida huko. Keki ya matofaa iitwayo pastis katika eneo hili si kinywaji, lakini mara nyingi hunyunyiziwa pombe kali. Na pruneaux, chakula bora kabisa cha mfukoni kwa mwendesha baiskeli, kuna zilizolowekwa kwenye armagnac, pombe kali ya zabibu; someni lebo. Mkiishiwa ubunifu, jibini ya mbuzi ya Rocamadour, mkate, nyanya na jozi vitawafikisha Figeac. Nyama ya halali vijijini msiitegemee. Samaki wa kopo, mayai na jibini ndivyo vitakavyowabeba.

Maji: chupa mbili za lita moja kasoro kwa kila mtu zinatosha bondeni. Pa kujazia ni makaburini. Huenda ukasita, kwetu makaburi si mahali pa kuchotea maji, lakini kila kijiji cha Ufaransa kina makaburi yenye ukuta, na ndani karibu na lango pana bomba la kumwagilia maua. Soma kibao: « eau potable » kunywa, « eau non potable » nawia uso tu. Bomba lisilo na kibao waulizeni wenyeji, au mjaze kwenye baa mnaponunua kahawa.

Mto wenyewe una hila moja. Juu huko kuna mabwawa ya umeme, na maji yakifunguliwa kina kinaweza kupanda ghafla hata siku ya jua kali. Kuogelea ni kwenye fukwe zilizoruhusiwa, si chini ya kuta za zamani za mawe zinazokata mto, ambako maji hujizungusha na kumvuta mtu chini. Mwezi Juni jua linachoma kuanzia saa saba mchana, na ngurumo huja jioni baada ya siku ya joto zito. Hema lisipigwe kwenye bonde dogo kavu linaloshuka kutoka kwenye jabali.

Sheria kwa kifupi: taa nyeupe au ya njano mbele, nyekundu nyuma, kengele, virejesha mwanga. Nje ya mji, usiku au ukungu ukiwapo, fulana yenye kung'aa ni lazima. Spika za masikioni ni marufuku, faini euro 135. Kwenye njia panda isiyo na kibao wala mstari, anayetoka kulia kwako ana haki ya kupita kwanza, hata akiwa mzee na trekta lake. Dharura piga 112.

Kulala, tafuteni alama ya Accueil Vélo. Mahali penye alama hiyo ni lazima pawe ndani ya kilomita 5 kutoka njia ya baiskeli iliyowekwa alama, pawe na pa kufungia baiskeli kwa usalama na vifaa vya matengenezo. Kambi za manispaa ndizo nafuu zaidi. Baadhi hufunguliwa msimu tu, lakini Juni msiwe na wasiwasi.

Limebaki la treni. TGV zenye nafasi ya baiskeli nzima ni baadhi tu, nafasi zenyewe za kuhesabu kwa vidole, euro 10 kila moja. Nunueni siku mauzo yanapofunguliwa. Mkikosa, baiskeli ivuliwe magurudumu iingie kwenye mfuko usiozidi sentimita 130 kwa 90, ambao hupita kama mzigo. Kwa baiskeli yako yenye habu ya gia na madigadi hiyo ni kazi ya saa nzima, kwa hiyo kama nafasi za TGV zimeisha nashauri mbadilishe safari badala ya kubadilisha baiskeli: Intercités, treni ya kawaida ya masafa marefu, kutoka stesheni ya Paris-Austerlitz huenda moja kwa moja hadi Cahors na hubeba baiskeli nzima kwa euro 10 mkiweka nafasi. Mkianzia hapo pandeni Lot hadi Cajarc, vukeni kwenda Figeac kwa D662 (kuna mlima wa kweli pale Faycelles), mrudi Cahors kwa kushuka Célé. Ni duara la kama kilomita 165, na treni ni ileile kwenda na kurudi.

Mkishika mpango wa kwanza, kutoka Figeac kuna TER hadi Brive, na Brive mtaikuta Intercités ya Paris. Kwenye TER baiskeli kwa kawaida haina nauli, ila ndoano zikijaa hamwingii. Simameni mwanzo wa jukwaa mapema, mifuko ikiwa imeshatolewa kwenye karia. Siku mbili kabla tazameni tena ratiba: reli ikiwa na matengenezo treni hubadilishwa kwa basi, na basi la aina hiyo mara nyingi halichukui baiskeli. Ikitokea hivyo, laleni Figeac Jumamosi na mwondoke Jumapili, au Ijumaa msiende Célé kabisa, mrudi Cahors mkapande treni huko.